Kombu au konbu? Jina lilikotoka, ule unga mweupe, na mama mkwe mwenye rovu

"Shikamoo mtaalamu. Wifi yangu amerudi kutoka Osaka alikokaa miaka miwili kimasomo, akatuletea mfuko wa mwani wa kula. Kuna zile karatasi nyeusi za kufungia wali hizo nazijua, kuna majani yanayovimba ukiyatia maji, kuna kitu cheusi kama majani ya chai, halafu kuna mapande magumu kama ngozi yenye unga mweupe juu. Paketi moja imeandikwa kombu nyingine konbu, ni kitu kimoja? Mtandaoni mmoja anasema jina ni la Kichina, mwingine anasema ni la watu wa Ainu. Ule unga nilidhani ni ukungu nikayasugua kwa maji mengi, nikachemsha nusu saa, supu ikatoka na mlenda tena chungu. Pia mama mkwe wangu tunakaa nae hapa Dar, kwao ni Njombe, ana rovu la miaka mingi, jirani anasema mwani una iodini utamponya. Nimpikie supu yake kila siku? Na kwanini watu wananunua huu wa bei wakati Jambiani mwani umejaa?"

Marahaba mdogo wangu, na umefanya la maana kuuliza kabla hujampa mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, ndani yake kuna maswali kama matano ila la mama ndo haliwezi kusubiri, kwahiyo naanza nalo halafu nitalirudia kwa kirefu huko chini: hiyo supu ya kombu usimpe kwanza. Hata ya kuonja, mpaka apimwe. Jirani hajakosea kusema mwani una iodini. Amekosea kudhani kwamba kila rovu linalilia iodini, na kwamba iodini ikizidi haina neno. Ina neno kubwa, na katika vyote alivyoleta wifi yako hayo mapande magumu ndo yamebeba iodini nyingi kupita yote. Mengine uliyouliza ni ya jikoni na ya lugha, hayo tuyaongee taratibu kwa sababu yananipa raha sana.

Kosa ambalo karibu kila mtu wa huku kwetu anaanza nalo, na mimi nilianza nalo nilipoingia kwenye hii kazi ya sayansi ya chakula, ni kudhani mwani ni kitu kimoja. Tunaponzwa na neno letu, sisi tunalo moja tu, mwani, na linatutosha kwa yote yanayoota baharini. Mjapani anaepika hana muda na neno la jumla. Analo, anaita kaisō, lakini akienda dukani haombi kaisō kama wewe ukienda Feri usivyosema tu "nipe samaki", muuzaji atakuuliza samaki gani, changu, kibua, au unataka pweza? Kwahiyo huo mfuko una vitu vinne tofauti vyenye majina manne na kazi nne: karatasi nyeusi ni nori, majani yanayovimba ni wakame, cheusi kama majani ya chai ni hijiki, na hayo mapande ni kombu. Ukivipika vyote kwa namna moja lazima kimoja kikugombanishe na familia.

Nori ni mwani mwekundu, ingawa machoni ni mweusi na ukiuchoma kidogo unakua kijani. Jina lake wataalamu wa lugha wanalihusisha na neno la zamani la utelezi, manake mbichi ukiukuta kwenye mwamba unateleza kama bamia iliyokatwa, na mpaka leo gundi ya wanga kwa Kijapani nayo ni nori, matamshi yaleyale. Ni chakula cha kale mno, sheria za Taihō za mwaka 701 zinautaja katika vitu ambavyo watu wa pwani walilipia kodi kwa mfalme. Lakini karatasi ni mambo ya baadae kabisa, enzi za Edo, yaani karne ya 17 mpaka ya 19, huko Edo yenyewe ambayo sasa ni Tokyo, mtaa wa Asakusa palikua panatengenezwa karatasi kwa masalio ya karatasi kuukuu, na ndo hiyo mbinu ikahamishiwa kwenye nori: unaukatakata, unautandaza kwenye kijamvi, maji yanachuja, unaanika. Karatasi ya kawaida leo ni sentimita 21 kwa 19.

Kwenye nori kuna habari moja ambayo siwezi kuiacha. Kwa karne zote hizo wakulima wa nori walikua wanasimika vijiti na nyavu baharini bila kujua mbegu inatoka wapi, mwaka mmoja inajaa mwaka mwingine hakuna kitu, wakauita majani ya bahati. Mwaka 1949 mama mmoja Mwingereza, Kathleen Drew-Baker wa Manchester, akagundua kwamba nori wakati wa joto haipotei, inajificha ndani ya magamba ya chaza kama vinyuzi vidogo vya rangi ya waridi ambavyo watu walikua wanadhani ni mmea mwingine kabisa. Wajapani wakaishika hiyo habari wakaanza kuotesha mbegu kwenye magamba, na kilimo chote kikageuka. Yeye alifariki 1957, Japani hakuwahi kukanyaga, lakini pale Uto mkoa wa Kumamoto wakulima walimjengea mnara mwaka 1963 na kila Aprili wanakwenda kumshukuru. Mimi nikila wali umefungwa kwenye nori namkumbuka yule mama.

Wakame ni jina rahisi likishafumbuliwa. Me ni neno la kale la Kijapani la mwani wa kula, na waka ni changa, kwahiyo wakame ni kama kusema mwani mchanga, mwororo. Kuna ndugu yake anaitwa arame, hapo ara ni kitu cha kukwaruza, kigumugumu. Shika hilo neno me maana ndo litatupeleka kwenye kombu.

Kombu zamani haikua inaitwa kombu. Kuna kamusi ya karne ya 10 inaitwa Wamyō Ruijushō, kazi yake ilikua kuchukua maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kichina na kueleza wenyeji wanaviitaje hivyo vitu kwa Kijapani, na ikifika kwenye zile herufi mbili zinazosomeka kombu inasema: kwetu ni hirome, na jina lake lingine ni ebisume. Hirome ni mwani mpana, na ukilitandaza hilo pande lako kwenye maji utaona kwanini. Ebisume ni mwani wa Waebisu, yaani wale watu wa kaskazini ambao kwenye vitabu vya historia wanaitwa Emishi, waliokua nje ya utawala wa mfalme. Jina lenyewe linakuonyesha kidole kwamba kitu hiki kinatoka huko kwenye bahari ya baridi kwa watu wale. Na historia rasmi ya ufalme, Shoku Nihongi iliyomalizwa mwaka 797, inathibitisha, kwa mwaka 715 inamtaja kiongozi mmoja wa Emishi aliefika kusema kwamba kwao toka enzi za mababu wamekua wakileta kombu kama kodi kila mwaka, ila safari ni ndefu na taabu ni nyingi, akaomba ofisi ya wilaya iwekwe karibu nao. Miaka 1,300 iliyopita, mtu analalamikia umbali wa ofisi. Naipenda sana hiyo kumbukumbu kwa sababu kombu hapo haipo kama chakula cha kifahari, ipo kama mzigo mgongoni mwa watu.

Sasa neno kombu lenyewe, hapo ndo watu wako wa mtandaoni wanapogombana. Wanaosema Kichina wana hoja nzito: zile herufi mbili, kun na bu, zilikuwepo tayari kwenye vitabu vya dawa vya Kichina vikitaja mwani fulani wa baharini, na Wajapani waliposoma elimu ya China wakazichukua wakazibandika kwenye hirome yao. Ila ujue Wachina wenyewe sokoni leo kombu wanaiita haidai, na jina kunbu kwao limetumika pia kwa mwani mwingine, kwahiyo kilichosafiri ni maandishi zaidi kuliko mmea. Wanaosema Ainu wana hoja ya mahali: Waainu ndo wenyeji wa Hokkaido, kisiwa kikubwa cha kaskazini mwa Japani, ambako kombu inaota, na kwenye lugha yao inaitwa kompu. Inavutia sana hiyo, shida ni kwamba Waainu na Wajapani wamefanya biashara karne na karne, na anaeuza anaweza kuokota neno la mteja kama mteja anavyookota la muuzaji. Kuna na nadharia ya tatu kwamba hirome iliandikwa kwa herufi za "kitambaa kipana" halafu ikasomwa Kichina-china ikageuka kombu, hiyo mimi naiona dhaifu. Ukinibana niseme, naegemea kwamba herufi zimetoka China kwa njia ya vitabu, na kompu ya Kiainu inawezekana ikawa mama au mtoto wa neno hilo, haijathibitika upande wowote, na anaekwambia imethibitika anakuuzia uhakika ambao haupo.

La kombu na konbu ni kitu kilekile, na wewe kama Mswahili una bahati maana sheria yake unayo mdomoni tayari. Kijapani wana herufi moja ya sauti ya puani, ikikaa mbele ya b midomo inafunga yenyewe inatoka m. Wengine wakiandika kwa herufi zetu wanaandika kinachosikika, kombu, wengine wanafuata herufi ilivyo, konbu. Sisi pia: tunasema nguo ndefu, nguo nzuri, ila ikifika baya hatusemi nguo nbaya, tunasema mbaya. Ubao unazaa mbao, ubavu mbavu. Mdomo wa Mjapani na wako umefanya kazi ileile. Ukikuta imeandikwa kobu nayo usishtuke, ni kifupi chake, na ndo maana kwenye harusi na mwaka mpya wanaila sana, kwa sababu kufurahi kwa Kijapani ni yorokobu na mwisho wake unasikia kobu humo.

Na jina hilo lilisafiri na mzigo. Enzi za Edo majahazi ya biashara yanayoitwa kitamaebune yalikua yanashuka na kombu kutoka Hokkaido kwa bahari ya magharibi mpaka Osaka, kutoka hapo inasambaa hadi Satsuma, Okinawa, na kuvuka kwenda China. Okinawa ni visiwa vya joto vya kusini kabisa, haioti kombu hata jani moja, lakini mpaka leo wanaikaanga na nyama ya nguruwe na jina kwao limekua kūbu. Hiyo Osaka aliyokaa wifi yako ndo ilikua ghala kuu, watu wa pale mchuzi wao unaegemea kombu kweli kweli.

Haya, jikoni. Ule unga mweupe uliousugua ukaisha haukua ukungu, pole sana. Ni aina ya sukari ya mmea inaitwa manitoli, kombu ikianikwa juani inatoka juu kama chumvi inavyotoka kwenye papa mkavu. Ule ni utamu. Unachotakiwa ni kupangusa tu vumbi na mchanga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiloweke ukamwaga, usisugue. Ukungu wa kweli unautambua kwa macho na pua, una manyoya, una madoa ya kijani au meusi ya mviringo, unanuka chumba kilichofungwa, huo ukiuona tupa pande zima.

Na mlenda na uchungu vimetoka kwenye moto. Kombu kuta zake zimejengwa kwa kitu kinaitwa alijineti, ndo kinachoifanya ipinde na mawimbi bila kukatika, sasa ukiichemsha kwa nguvu muda mrefu kinalegea kinamwagika kwenye maji, ndo ule mlenda, na pamoja nae inatoka harufu ya bahari iliyokaa na ule ukali. Lakini ladha unayoitafuta yenyewe haihitaji moto mkali hata kidogo, ni chumvichumvi za glutameti, zinayeyuka kwenye maji ya kawaida tu. Kwahiyo fanya hivi: gramu 10 za kombu, kipande kama kiganja chako, kwenye lita moja ya maji, kiache nusu saa mpaka saa moja, au usiku mzima kwenye friji. Halafu weka moto mdogo kabisa, maji yapate moto taratibu, ukiona vipovu vidogo vinaanza kushika chini ya sufuria na pembeni toa kombu. Usisubiri itokote. Maji yatakua na rangi hafifu kama chai iliyokosa majani, utaonja utadhani hakuna kitu, tia chumvi kidogo uonje tena, hapo utanielewa.

Hiyo ladha ndo iliyomsumbua Kikunae Ikeda, profesa wa kemia pale Tokyo, alijiuliza mchuzi wa kombu una nini ambacho si utamu wa sukari, si chumvi, si uchachu wala uchungu, mwaka 1908 akachemsha na kuchuja kama kilo 12 za kombu akapata gramu 30 za hicho kitu, glutameti, akaipa ladha yake jina umami kutokana na umai, yaani kitu kitamu cha kunoga. Mwaka uliofuata kiungo cha unga kikaanza kuuzwa, na ndo babu wa viungo vingi vya unga mnavyotia kwenye mchuzi leo. Miaka michache baadae mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaonyesha kwamba samaki mkavu ana kitu kingine, inosineti, na baadae sana wengine wakagundua kwamba hivi viwili vikikutana kwenye chungu kimoja ladha haijumlishwi, inazidishwa. Ndo maana Wajapani kombu wanaioanisha na samaki mkavu wa kukwangua, katsuobushi. Wewe hapo Dar huna haja ya kumtafuta, nyumba nyingi za Japani zinatumia niboshi, na niboshi ni nini? Ni dagaa. Dagaa wa bahari waliochemshwa wakaanikwa. Chukua dagaa wako wakavu wazuri wasionuka mafuta, toa vichwa na matumbo maana uchungu unakaa humo, tia kiganja kimoja kwenye yale maji baada ya kutoa kombu, chemsha dakika kama tano, chuja. Tia wakame na vipande vya kitunguu, umepata supu ambayo bibi wa Kijapani hawezi kuikataa. Ila wakame tia kidogo sana, inavimba mara kumi hivi, watu wengi mara ya kwanza wanajaza sufuria.

Turudi kwa mama sasa, na hapa naomba usome polepole.

Tezi la shingoni, thairoidi, linatumia iodini kutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima, joto, mapigo ya moyo, uzito, usingizi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anaenyonyesha 250. Iodini ikikosekana miaka mingi tezi linajitutumua, linavimba likijaribu kukamata hata tone, na huko nyanda za juu kama kwao mama udongo wake una iodini kidogo kwa sababu mvua za karne zimeisomba, ndo maana zamani rovu lilikua jambo la kawaida mpaka serikali miaka ya 1990 ikasimamia chumvi itiwe madini joto. Mpaka hapo jirani yuko sahihi.

Sasa tazama kombu. Gramu moja kavu, moja tu, ina kama maikrogramu 2,000 za iodini, inazidi au inapungua kwa aina. Hitaji la siku nzima la mama limo kwenye kipande kidogo kuliko kucha. Na usijidanganye kwamba ukiitoa sufuriani umetoa na iodini, iodini inayeyuka upesi sana, nyingi imebaki kwenye maji, bakuli dogo la supu linaweza kubeba zaidi ya maikrogramu 1,000. Marekani kikomo chao kwa mtu mzima ni 1,100 kwa siku, Ulaya 600. Japani wenyewe wameweka 3,000, na ni watu waliozoea toka tumboni.

Tezi likipigwa na iodini nyingi ghafla linafunga mlango, linasimamisha kutengeneza homoni kwa muda. Mwenye afya baada ya siku chache linafungua lenyewe, hata hasikii kitu. Wengine halifungui, homoni zinashuka, mwili unachoka, na tezi linavimba zaidi. Ndio, iodini ikizidi nayo inaleta rovu. Miaka ya 1960 madaktari Japani waliandika kuhusu rovu kwenye pwani ya Hokkaido, vijiji hivyohivyo vya wavuvi wa kombu, watu wanaoila kila siku. Na kuna njia ya pili ambayo kwa mama yako ndo naiogopa zaidi: rovu la miaka mingi lililotokana na upungufu mara nyingi lina vinundu ndani, na baadhi ya vinundu vimeshajitawala, havisikilizi tena amri ya mwili. Hivyo ukivipa iodini nyingi vinaitumia yote, homoni zinafurika, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda, na kwa mtu mzima kiumri moyo unaweza kuharibika mdundo kabisa. Nia ni ya upendo, matokeo ni wodini.

Kwahiyo mpeleke hospitali, mwambieni daktari rovu lina miaka mingapi na kama anatumia dawa yoyote ya tezi au ya moyo. Watampima damu kuona homoni, watampiga utrasaundi ya shingo, na wakiona kinundu cha mashaka watachukua chembe kwa sindano, havichukui muda. Kama anapata shida kumeza, anahema kwa tabu hasa akilala, sauti imekwaruza, uvimbe umekua haraka miezi hii au ni mgumu kama jiwe, au moyo unamwenda mbio amekaa tu, usingoje siku ya nafasi, nenda kesho asubuhi. Chumvi ya madini joto ya nyumbani aendelee nayo kama kawaida, hiyo kiwango chake kimepimwa. Nori karatasi moja ina gramu kama tatu na iodini yake ni ndogo, siku mojamoja akionja wali wa wajukuu haina shida, wakame na kombu asubiri daktari. Na kama humo ndani kuna mjamzito au anaenyonyesha, kombu isiwe chakula cha kila siku kwake pia, mtoto anaipata. Ninyi wengine wenye afya, supu ya kombu mara moja kwa wiki haina tatizo.

Hijiki, kile cheusi cha majani ya chai, nakupa ushauri wangu wazi: usiwape watoto, na mimi kwangu siipiki. Ina sumu inayoitwa arseniki, tena ile ya aina mbaya, nyingi kuliko mwani mwingine, Uingereza toka 2004 wanawashauri watu wao wasiile. Wajapani wanaendelea kuila kidogo kidogo na wanajua kuiloweka kwa maji mengi, kuimwaga, kuichemsha na kumwaga tena, sehemu kubwa ya arseniki inaondoka, lakini mtu asie na mazoea nayo anaijaribu ya nini?

Na Jambiani. Swali zuri sana hilo, nasikia watu wanalisema kama vile Wajapani wanatuuzia chetu. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba, tangu kilimo cha biashara kilipoanza mwaka 1989 pale Paje na Jambiani, ni spinosum na kottonii, mwani mwekundu wa bahari ya joto, na unalimiwa karajinani, kile kitu cha kugandisha kinachoingia kwenye maziwa, aisikrimu na dawa ya meno. Kombu ni mwani wa kahawia wa bahari ya baridi, zaidi ya asilimia 90 ya ile ya Japani ni ya Hokkaido, ukiileta kwenye maji ya Jambiani inakufa. Kwahiyo spinosum haitakupa mchuzi wa umami hata uchemshe mpaka kesho, itakupa jeli. Lakini usiudharau. Spinosum kwa Kijapani ina jina, kirinsai, na kule mwani wa jamii hiyo wanautia kwenye saladi mbichi, ukiutafuna unakatika kwa mlio. Akina mama wa Zanzibar wanaosimama majini kutwa nzima na kamba zao wameanza kuutia kwenye keki, juisi na achari, wanunulieni, bei wanayolipwa kwa mwani mkavu ni ndogo mno kwa jua lile.

Na ukitaka mwani wa Kijapani ambao jiko la pwani tayari linamjua ndugu yake, ni kanten. Ile agar-agar mnayotilia faluda mwezi wa Ramadhani ni kitu kilekile, agar-agar ni Kimalay, kanten ni Kijapani, maana yake ni mbingu ya baridi. Wanasimulia kwamba mwaka 1658 mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Fushimi karibu na Kyoto, Minoya Tarōzaemon, alitupa nje masalio ya jeli ya mwani wakati wa baridi kali, usiku ikaganda barafu, mchana ikayeyuka na kukauka, baada ya siku kadhaa akaiokota nyepesi kama sponji, akaichemsha ikawa jeli tena nzuri kuliko ya mwanzo. Haina iodini ya kutisha kama kombu, mama akipata hamu ya kitu cha mwani wakati mnangoja majibu ya hospitali, mtengenezee faluda.

Lile pande ulilochemsha nusu saa usilitupe kama bado lipo. Likate nyembamba kama kachumbari, lirudishe motoni na maji kidogo, soya sosi, sukari na siki kijiko kimoja mpaka likauke, mle ninyi na wali, vipande vitatu vinne tu kwa mlo. Lililobaki paketini lifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, na kwa unyevu wa Dar kabatini si mahali pake, liweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jiko, likikaa kavu linakaa hata miaka miwili na ladha inazidi kutulia.